Pilau la Kigombe, na Aliyelitia Chumvi

Nimerudi. Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani kwa ajili ya Idd, na nyumbani kwetu mtandao una sehemu zake za kusimama, ukihama hatua mbili umekatika. Tangu nirudi chuoni wenzangu wa chumba wananitesa. Nikibandika sufuria tu, hata kama ni maharage ya jana napasha, mmoja ananyanyua kichwa kitandani: "Umeonja?" Halafu wote wanaangua kicheko. Kosa langu, niliwasimulia nusu ya hadithi. Leo naiandika yote, na hiyo nusu ambayo sikuwaambia nayo imo.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Nikisema natoka Usambara watu wananiuliza mapeasi yako wapi na kwa nini sijaja na koti. Jamani, hiyo ni Lushoto, huko juu. Mie kwetu ni Magoma, chini, bonde la Mto Lwengera, Usambara ya Magharibi huku na Usambara ya Mashariki kule, sisi katikati tunaokwa. Ni wilaya ya Korogwe. Kwetu ni joto, ni mpunga, ni mahindi, na mkonge mpaka macho yachoke. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikata mkonge karibu maisha yake yote ya kazi.

Sasa, Bibi. Bibi yangu mzaa baba ana miaka sabini na kitu (kitu chenyewe hakijulikani) na mpaka Idd hii alikuwa hajawahi kuiona bahari. Msishangae. Kutoka kwetu mpaka Tanga mjini ni safari ya siku moja kwenda na kurudi, lakini Bibi alikuwa anasema, "Nikafanye nini huko, nimemwacha nani?" Amefika Korogwe hospitali, amepanda Lushoto kwenye misiba, basi. Babu ndiye aliyewahi kufika, zamani, alipanda na lori lililopeleka singa bandarini. Aliporudi akasimulia mpaka watu wakamkimbia: kwamba kuna nyumba ya chuma inaelea na kupiga honi, kwamba maji hayana ng'ambo, na kwamba maji yale yana chumvi. Hilo la mwisho ndilo lililomuudhi Bibi. Nyumba ya chuma aliisamehe. Lakini maji yote yale, chumvi? "Nani aliitia?" Alimuuliza Babu swali hilo miaka yote. Babu akijitetea kwamba ni Mungu, Bibi anasema, "Mungu hana uharibifu huo." Ikawa ndiyo mithali ya nyumbani kwetu. Ukimdanganya Bibi, hata ukichelewa kurudi kutoka kisimani ukasema foleni ilikuwa ndefu, anakujibu, "Haya, na bahari ina chumvi."

Basi dada yangu akapata mchumba, na mchumba kwao Kigombe. Kwa msioijua, Kigombe ni kijiji cha wavuvi pwani ya kusini ya Tanga, kwenye njia ya kwenda Pangani. Sisi wanafunzi wa Biolojia tunapaswa kukijua: ni maji ya huko ambako wavuvi walianza kunasa silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nilijitia kumweleza mjomba wa shemeji habari hizi zote kwa mbwembwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yule halliki, mwanangu. Mafuta matupu." Nikanyamaza.

Baba aliridhia posa, Mama aliridhia, Bibi akagoma. Hakugoma kwa maneno, Bibi hagombi. Alisema tu, "Mnampeleka mtoto kwa watu wa majini, sawa, nyie ndo wazazi." Hapo kila mtu akajua hakuna ndoa mpaka Bibi abadilike. Ndipo shemeji akatoa wazo: Idd pili tuje wote Kigombe, tushinde ufukweni, Bibi awaone watu na maji yao kwa macho yake. Baba akakodi Hiace. Mie nikachangia elfu hamsini kutoka kwenye bumu langu (ndo maana mwezi huu mnaniona nakula mihogo, msiulize tena). Mama akasema tusiende mikono mitupu, kwa wakwe mtu haendi kula tu. Tutapika pilau letu wenyewe, la mchele wa Magoma, pale pale ufukweni, wakwe waje wakute sufuria inatoa harufu.

Hapa inabidi muelewe habari ya Mama na chumvi. Baba ana presha. Tangu daktari alipomwambia, miaka saba sasa, Mama amepunguza chumvi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, na mie ndiye niliyemletea Mama habari hiyo nikiwa kidato cha sita, nikijiona daktari. Bibi hajawahi kumsamehe. Kila mlo, miaka saba, Bibi anakula tonge la kwanza, anatazama mbele kama anayetafuta mtu, anasema, "Chakula cha wodini." Mama anainama, anamsogezea kibakuli cha chumvi. Hajawahi kujibu hata siku moja. Mie ningekuwa nishajibu.

Tukaondoka alfajiri. Watu kumi na wawili ndani ya Hiace, sufuria kubwa, kilo nne za mchele, nyama, mafiga hatukubeba lakini kuni tulibeba, na madumu mawili ya maji ya lita ishirini kwa sababu Mama hakutaka kuomba maji ugenini. Bibi alipanda na kapu lake mwenyewe. Ndani, nilichungulia, kulikuwa na unga wa bada. Si mnajua bada, ugali wa muhogo wa kwetu Tanga. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Mtu haendi safari akitegemea mkono wa mwenzake." Mama alisikia. Akafunga mlango wa gari.

Njia nzima Bibi kimya. Korogwe, Segera, Muheza. Pande zote mkonge, na mie nikawa namwambia kwamba huu mkonge nao ulikuja kwa bahari: mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika Pangani hai miche 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyojaza mkoa huu wote. Babu alikata wajukuu wake. Bibi akatikisa kichwa, "Elfu wakabaki sitini na mbili? Na wewe unaleta ya babu yako."

Kigombe tulifika kama saa nne. Gari liliposimama chini ya minazi Bibi alishuka, akajifunga khanga upya, akatazama. Maji yalikuwa bluu, na jua limeshapanda. Hakusema neno. Alisimama mpaka tukamaliza kushusha vyombo vyote. Mie nikatoa simu nikaanza kumpiga picha, na hapa ndipo mabalaa yangu yalipoanzia, kwa sababu simu ile sikuiweka chini tena.

Mama alianza mapishi. Kitunguu kikapigwa mpaka kikawa kahawia, kitunguu saumu, tangawizi, jira, iliki, mdalasini, nyama ikaingia. Harufu ikafika mpaka kwenye mitumbwi. Watoto wakawa wananawa miguu mchanga kwa maji ya dumu, wakatafuta ugomvi na Bibi. Akawafukuza, akakaa juu ya dumu lenyewe kama askari. Mama akamwambia mdogo wetu wa mwisho, ana miaka minane, "Niletee maji ndoo hii." Mtoto akaenda kwa Bibi. Mie niliwaona kwa mbali wanazungumza. Niliona mtoto anaondoka na ndoo. Sikutazama alikoelekea, nilikuwa nachagua picha ipi ya kumtumia nani.

Ndoo ikaja. Mama akamimina kwenye masala na nyama, akatia chumvi yake, vijiko vitatu vya kawaida, akakoroga. Sasa nyote mnaopika pilau mnajua, maji ya pilau lazima uonje kabla mchele haujaingia, ukishaingia umeshaingia. Mama alishika kijiko cha kuonjea. Hapo hapo shemeji akatokea na mama yake, mjomba wake na mashangazi wawili, wamejitanda, wamebeba samaki na madafu. Mama akashtuka, akanivuta mkono, "Nawapokea wageni. Onja chumvi, ikikaa sawa tia mchele." Akaenda.

Wapendwa, sikuonja. Kuna mtu alikuwa amenijibu ujumbe. Nikatia mchele, nikafunika, nikaweka makaa juu. Mama aliporudi akauliza, "Umeonja?" Nikamwambia, "Iko sawa, Mama." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeonja kabisa.

Chakula kikaiva. Kwa macho lilikuwa pilau zuri kuliko yote niliyowahi kuona, punje moja moja, rangi ile ya udongo wa kwetu. Mikeka miwili ikatandikwa, wanaume huku, wanawake hapa, masinia katikati. Baba akamkaribisha mjomba aanze.

Mjomba akafinya tonge, akatia mdomoni. Taya likasimama. Kisha likaendelea, pole pole, kama mtu anayetafuna huku akikumbuka jambo la zamani. Akameza. Akasema, "Mashallah," akanyoosha mkono kwenye dafu. Shemeji akafuata, yeye macho yalimtoka machozi kabisa, lakini akala tonge la pili! Nampa heshima zangu zote yule kaka. Baba akala, akageuka kumtazama Mama, jicho la presha.

Kwenye mkeka wetu Bibi ndiye mkubwa, kwa hiyo ndiye aliyeanza. Akala tonge la kwanza. Akatazama mbele. Tukasubiri wodi. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa, "Leo angalau mkwe wangu umekumbuka chumvi."

Kisha akala la pili. La tatu hakulifinya.

Mama akaonja. Nilimwona uso unavyobadilika. Alijua alichotia, vijiko vitatu, na alijua hiki kilichoko mdomoni si vijiko vitatu. Lakini mbele ya wakwe mtu haanzi upelelezi. Akainuka, akapiga magoti pembeni ya mkeka wa wanaume, akasema, "Naomba mniwie radhi. Mkono umenizidi kwenye chumvi." Mama yake shemeji akasema haraka, "Hamna kitu, mama, hamna kitu, chumvi ndo pwani yenyewe." Mashangazi wakatazamana kidogo, kidogo sana, lakini mie nilikiona kile kidogo.

Na mie? Nilikaa. Nilitia tonge mdomoni ili mdomo uwe na kazi. Ilikuwa chumvi na uchungu juu yake, na hata hapo sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa inaniambia: uchungu huo ni chumvi za magnesi, mwalimu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Kwenye lile sufuria ziliingia lita kama saba. Pigeni hesabu: gramu 245, robo kilo, ndani ya kilo nne za mchele, kabla ya vijiko vya Mama. Tulikuwa watu kumi na saba. Kila mmoja alikuwa anakabidhiwa gramu 14, karibu mara tatu ya kile kijiko cha siku nzima nilichokihubiri nyumbani. Lakini hesabu hii niliifanya baadaye ndani ya gari. Pale mkekani nilikuwa nafikiria tu kwamba Mama kapiga magoti kwa ajili yangu na mie natafuna.

Aliyetuokoa ni yule mdogo wetu. Alikuwa anatema pilau kwenye mchanga bila haya. Baba akamkaripia, na yeye akajitetea kwa sauti ya kufika Pemba: "Si Bibi! Kaniambia maji ya dumu nisiyamalize, nikachote pale kwenye mengi!" Na mkono ukanyooka, moja kwa moja, baharini.

Kimya. Hata kunguru naona walinyamaza.

Hakuna aliyemtazama Bibi. Hiyo ndiyo adabu, mnatazama mkeka. Nikasikia tu khanga inajifunga na vifundo vya miguu vinalia anavyoinuka. Nilipothubutu kunyanyua macho Bibi alikuwa anakwenda majini, peke yake, taratibu. Akafika pale mawimbi yanapoishia. Akainama, akachovya kidole, akalamba. Akatema. Akasubiri kidogo, akachovya tena, mkono mzima safari hii, akaonja kwa makini kama anayeonja mchuzi wa mgomvi wake. Kisha akasimama tu pale, maji yanakuja miguuni na kurudi. Alikaa sana. Mama yake shemeji akataka kwenda kumshika, Baba akamzuia kwa mkono.

Aliporudi alikaa mahali pake. Akasema kwa Kisambaa, kama anaongea na kapu lake, "Kumbe mzee hakuwa mwongo."

Baba akageuza uso upande wa minazi. Babu amefariki mie niko darasa la tano, na mpaka anaingia kaburini alikuwa bado anabishiwa kuhusu bahari. Bibi akaendelea, sasa kwa Kiswahili ili wakwe waelewe, "Miaka yote. Namwambia mwongo, ananyamaza. Namwambia mwongo, ananyamaza." Halafu akamgeukia Mama. Nilidhani ataomba radhi, lakini Bibi na radhi ni vitu viwili. Akasema, "Inuka hapo, mkwe. Utapata vumbi la magoti. Maji ya dumu yapo, niliyalinda."

Na kweli yalikuwepo, dumu moja lote na nusu ya la pili. Kama si ubahili wa Bibi watoto wangeyamalizia miguuni. Likatoka lile kapu, ukatoka unga wa bada. Mama yake shemeji akapiga kofi la furaha, "Kumbe na nyie ni watu wa bada!" Akakunja mikono ya gauni, akashika mwiko yeye mwenyewe, Mama akashika sufuria, Bibi akawa anamimina unga na kutoa amri. Wanawake watatu, sufuria moja, na chumvi haikutiwa hata punje. Changu wakachomwa. Mjomba alikuwa ameshagundua kwamba bada lisilo na chumvi ukilishika na kijipilau kidogo kwa juu, kama kachumbari, linakwenda vizuri kabisa. Basi pilau letu la kilo nne likaliwa kama kitoweo. Sijui kama kuna kabila jingine duniani limewahi kufanya hivyo. Kichekesho kilianza kwa mashangazi, kikahamia kwa Baba, mpaka Bibi mwenyewe akawa anafunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Kwenye kuagana alimshika mama yake shemeji mkono mpaka dereva akapiga honi mara mbili. Tarehe ya ndoa imeshatajwa, dada kaniambia nisiiandike.

Bibi aliondoka Kigombe na chupa ya soda imejaa maji ya bahari. Sasa hivi pale Magoma kila mgeni anayekuja kusalimia analazimishwa kulamba kidole. Akikunja uso Bibi anaridhika, anasema, "Mume wangu aliniambia." Nilimwomba ile chupa, maana muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha, na nilitaka niivukishe mbele ya wanafunzi waone chumvi inavyobaki. Kakataa. Kasema nikachote yangu, bahari haijaisha.

Ile nusu nyingine, ya kuonja, niliibeba mpaka huku chuoni. Juzi usiku ikanishinda, nikampigia Mama. Nikazunguka weee, hali ya hewa, mpunga, mbuzi, mwisho nikasema. Mama, siku ile sikuonja, nilikudanganya.

Akanyamaza kidogo, nikasikia anahamisha sufuria. "Najua," akasema. "Kijiko cha kuonjea niliondoka nacho mkononi. Nimewasalimia wakwe wote nacho."

Nikamuuliza kwa nini basi alipiga magoti peke yake.

"Wewe umekula leo?" akaniuliza. Nikamwambia nimekula. Akasema haya, salio lako litaisha, lala.